Bahari Ikipata Joto, Upepo wa Ncha za Dunia Hubadili Njia

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa mwaka. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nianze na hesabu moja. Chukueni angahewa yote ya dunia, kutoka usawa wa bahari hadi huko juu inakoishia. Ukitaka kuipasha nyuzi moja, unahitaji joto kiasi gani? Sasa chukua joto hilohilo ulitie baharini. Litapasha nyuzi moja maji ya juu tu, kiasi cha mita 3 hivi. Mita 3! Na bahari, kwa wastani, ina kina cha karibu mita 3,700.

Kwa hiyo mtu akikwambia dunia inapata joto, mwelewe kwamba anazungumzia bahari. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesijoto limeingia majini. Hewa hii tunayoilalamikia kila siku imepata sehemu ndogo mno.

Nimekuja na jambo moja leo. Upepo wa ncha za dunia haujiendeshi. Unapokea amri kutoka baharini: bahari iliyo chini yake, na bahari iliyo mbali nao maelfu ya kilomita. Na upepo ule ukishapokea amri, hugeuka ukaiamuru bahari nayo. Wawili hawa ni chanda na pete, na ukimsoma mmoja bila mwenzake utapotea. Nimewaona wengi wakipotea, wakiwamo wenye shahada.

Tuanze kaskazini. Mwaka 1893 Mnorwei aitwaye Fridtjof Nansen aling'oa nanga na wenzake 12 katika merikebu yao, Fram. Nia yake wengi waliiona wazimu mtupu: aiingize merikebu kwenye barafu kaskazini mwa Siberia kwa makusudi, igande humo, kisha barafu yenyewe iibebe hadi upande wa pili. Lakini hakuwa anabahatisha. Merikebu nyingine, Jeannette, ilipondwa na barafu upande wa Siberia mwaka 1881, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa pwani ya Greenland. Nani aliyeyapeleka huko, kama si barafu inayosafiri?

Fram ikaganda, ikakokotwa karibu miaka mitatu, ikatoka salama Agosti 1896. Watu hukumbuka ushujaa, hukumbuka jinsi Nansen alivyoteremka na mwenzake mmoja, na mbwa wao, kujaribu kuifikia ncha. Mimi nakumbuka kipimajoto. Katika miezi ile ya giza walikuwa wakitoboa barafu na kuteremsha vyombo kwenye maji, kina baada ya kina, na kuandika walichokiona. Juu, chini tu ya barafu, maji yalikuwa karibu na kuganda. Hilo lilitarajiwa. Wakateremsha zaidi. Kuanzia mita 200 hivi kwenda chini, kipimajoto kikapanda juu ya sifuri. Maji yenye joto, chini ya maji baridi, katikati ya Bahari ya Aktiki!

Yalitoka wapi? Atlantiki. Yaliingia kupitia kaskazini mwa Norwei, na kwa kuwa yana chumvi nyingi ni mazito, yakazama. Juu yake kuna tabaka la maji baridi yenye chumvi kidogo, na juu ya hilo barafu. Matabaka hayo mawili ni kifuniko cha chungu: joto limo ndani, na hewa ya nje haina habari.

Basi ndugu zangu, kifuniko kinafunguka. Kinafunguka wapi kwanza? Bahari ya Barents, palepale maji ya Atlantiki yanapoingilia. Maji hayo yamezidi kupata joto, tabaka la juu limepungua nguvu, na sehemu zilizokuwa zikiganda kila mwaka sasa hupitisha kipupwe kizima zikiwa wazi. Aktiki kwa jumla, tangu 1979, imepata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia. Eneo la kaskazini mwa Barents limekwenda mara 5 hadi 7.

Sasa niulize swali ambalo huwatega hata wanafunzi wangu wazuri. Aktiki hupata joto zaidi msimu gani? Kiangazi, jua linapowaka saa 24? Wengi mnatikisa kichwa kukubali. Hapana! Kiangazi hewa iliyo juu ya barafu hubaki karibu na sifuri, kwa sababu nguvu ya jua inaishia kuyeyusha. Ongezeko kubwa la joto huonekana vuli na kipupwe, jua likiwa limeshaaga.

Tazameni inavyokuwa. Barafu yenye theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Maji meusi hunywa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo bahari iliyo wazi hunywa jua kiangazi kizima. Inafika Oktoba, Novemba, hewa imeshuka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, na maji ya bahari hayawezi kushuka chini ya nyuzi 1.8 chini ya sifuri bila kuganda. Ukisimama ukingoni mwa maji hayo utayaona yakifuka mvuke kama moshi, kwa sababu bahari, kwa baridi yake yote, ina joto kuliko hewa kwa nyuzi nyingi. Joto linapanda, mvuke unapanda, mawingu yanatanda na kulizuia joto lisitoroke. Bahari inalipa usiku ilichokopa mchana, na usiku wa huko ni wa miezi.

Na upepo je? Upepo mkubwa wa kutoka magharibi unaozunguka dunia, ule tunaouita mkondo wa jeti, unavuma kilomita kama kumi juu yetu, na unaendeshwa na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha. Hewa yenye joto hutanuka na kuwa nene, hewa baridi hujikunyata. Mteremko kati ya nene na nyembamba ndio unaosukuma upepo, na mzunguko wa dunia ndio unaoupinda uelekee mashariki. Ncha ikipata joto, hewa yake inatanuka, mteremko unapungua, upepo unalegea.

Ingekuwa hivyo tu, ningekaa chini. Lakini kuna upande wa pili. Bahari za tropiki nazo zinapata joto, mvuke wake unapanda juu sana na kumwaga joto lake huko juu, kwenye kimo cha kilomita kumi na zaidi. Huko juu tropiki inapata joto kuliko ncha, na mteremko unaongezeka. Chini unapungua, juu unaongezeka. Bahari ya Aktiki inauvuta mkondo wa jeti huku, bahari za tropiki zinauvuta kule. Nani anashinda? Inategemea msimu, inategemea ni upande gani wa dunia. Yeyote anayewaambia kwa ufupi kwamba "mkondo wa jeti unalegea, basi" amewapa nusu ya habari.

Hapa ndipo panapozuka ugomvi mkubwa, na mimi napenda ugomvi wa wanasayansi kuliko makubaliano yao.

Berlin, mwanzoni mwa mwaka 1952. Richard Scherhag na wenzake wanarusha maputo yenye vipimo, wakitaka kujua hali ya stratosfia, tabaka lililo juu ya mawingu yetu. Huko juu, kila kipupwe, ncha ya kaskazini huzungukwa na duara kubwa la upepo linaloifungia baridi kali ndani. Ghafla vipimo vinapanda. Siku chache tu, hewa ya kimo kile imepata joto kwa makumi ya nyuzi. Katikati ya kipupwe! Leo tunajua kwamba mishtuko ya namna hiyo hutokea upande wa kaskazini karibu miaka sita katika kila kumi. Duara la upepo linadhoofika, linasogezwa kando au kupasuka vipande viwili, na wiki zinazofuata baridi iliyokuwa imefungiwa inaweza kumwagika kusini.

Nini kinachoupiga upepo ule hadi upasuke? Mawimbi makubwa ya hewa yanayopanda kutoka chini. Na hapo bahari inarudi kwenye hadithi. Kundi moja la watafiti linasema hivi: Barents na jirani yake Kara zikiwa wazi, joto lao hujenga mgandamizo mkubwa wa hewa karibu na milima ya Ural, mgandamizo huo hurusha mawimbi juu, na duara la upepo linadhoofika. Kundi la pili linajibu: ngojeni kidogo, mmegeuza farasi na gari. Mgandamizo wa Ural ndio unaovuta hewa yenye joto kutoka kusini na kuyeyusha barafu ya Barents. Barafu imepungua kwa sababu ya upepo, nanyi mnasema upepo umebadilika kwa sababu ya barafu!

Januari 2021 duara lilivurugika. Februari ikaja baridi iliyoishangaza Marekani. Jimbo la Texas umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu na zaidi ya watu 200 wakafa. Mnakumbuka vichwa vya habari? Kila gazeti lilikuwa na mchoro wa Aktiki. Je, ilikuwa kazi ya bahari ya Aktiki? Modeli nyingi za kompyuta zilipoondolewa barafu na kuachwa ziendelee, karibu zote zilikubaliana kwamba pepo za magharibi hulegea. Zilikubaliana pia kwamba kulegea huko ni kidogo, kudogo kuliko yumbayumba ya kawaida ya hali ya hewa kutoka mwaka hadi mwaka. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ikasema wazi kwamba uhakika wetu juu ya mchango huu ni mdogo. Na siku za baridi kali, kwa jumla, zinapungua, hazizidi. Mimi nasimama na wale wanaosema athari ipo, lakini ni ndogo, na haitoshi kuishitaki Aktiki kwa kila theluji. Mwenye ushahidi mwingine nitamsikiliza.

Twende kusini, maana huko ndiko mambo yalivyo mazito, na huko ndiko watu husahau.

Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari, na bahari hiyo imezungukwa na upepo wa magharibi usiopata nchi kavu ya kuuzuia. Ungetarajia bara la namna hiyo lijitenge, lisijue habari za tropiki. Kumbe linazijua sana. Katika miaka ya 1920 Gilbert Walker, akiwa na takwimu nyingi kutoka India na kwingineko, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa hupanda upande mmoja wa Pasifiki unaposhuka upande mwingine. Hakujua kwa nini. Ilipofika miaka ya 1960, Jacob Bjerknes akaonyesha kwamba ni bahari: maji ya Pasifiki ya tropiki yakipata joto au yakipoa, hewa iliyo juu yake hufuata. Huo ndio mwenendo wa El Nino, maji yakipata joto, na La Nina, yakipoa.

Kinachohusu ncha ni hiki. Mvua kubwa inapohamia sehemu nyingine ya Pasifiki, hewa inayopanda hapo huivuruga hewa ya juu, na msukosuko huo husafiri kama wimbi. Tunayaita mawimbi ya Rossby, kwa jina la Carl-Gustaf Rossby aliyeyaeleza mwaka 1939. Hutoka tropiki, hujipinda kuelekea kusini, na hutua mbele ya Antaktika Magharibi, kwenye Bahari ya Amundsen. Hapo pana mgandamizo mdogo wa hewa usioondoka. La Nina huushusha zaidi, El Nino huupandisha. Yaani maji ya ikweta yamebadilika nyuzi moja au mbili, na upepo wa pwani ya Antaktika umebadili mwelekeo.

Mnataka mfano wa karibuni? Tarehe 18 Machi 2022, kituo cha Concordia, juu ya uwanda wa barafu wenye kimo cha mita zaidi ya 3,200. Machi huko jua linaondoka, na baridi inakaribia nyuzi 50 chini ya sifuri. Siku hiyo kipimajoto kilisoma nyuzi 11.5 chini ya sifuri. Karibu nyuzi 40 zaidi ya kawaida! Walioko kituoni walitoka nje na nguo nyepesi kupiga picha. Nyuzi 40 hizo zilitoka wapi? Mvuke na joto vilitoka Bahari ya Hindi, ambako vimbunga vya kitropiki vilikuwa vimefuatana, vikaunda mto mrefu wa mvuke angani. Mgandamizo mkubwa ukajijenga pembeni na kuuelekeza mto ule moja kwa moja ndani ya bara. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi, kwa hiyo mito hii inapata mzigo mkubwa kadiri bahari inavyopata joto. Niwe mkweli kwenu: dhoruba ile ilileta theluji nyingi sana juu ya bara, hata Antaktika ikapata barafu kuliko iliyopoteza siku zile. Pwani nayo rafu ya barafu iitwayo Conger, yaani barafu inayoelea ikiwa imeshikamana na bara, iliyokuwa hoi tayari, ikavunjika. Mgeni mmoja, zawadi na hasara kwa mpigo.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoninyima usingizi. Nilisema upepo nao huiamuru bahari.

Mbele ya Bahari ya Amundsen, chini, kuna maji ya kina yenye joto la nyuzi 1 hivi juu ya sifuri. Mtu atasema, nyuzi 1 ni joto? Kwa barafu ni moto. Upepo ukivuma namna fulani ukingoni mwa bara, husukuma maji ya juu yaondoke, na maji yale ya chini hupanda kwenye jukwaa la bara, ile sakafu ya bahari isiyo na kina kirefu inayolizunguka bara, na kuingia chini ya barafu inayoelea. Huko ndiko iliko Thwaites, barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole kuelekea baharini, pana karibu sawa na Uingereza yote, iliyokalia sakafu iliyo chini ya usawa wa bahari, na sakafu hiyo huzidi kuwa na kina kadiri unavyoingia ndani ya bara. Ikiisha yote, bahari za dunia zitapanda kama sentimita 65.

Tunajuaje joto la maji yaliyofunikwa na barafu kipupwe kizima, mahali meli isipofika? Wenzetu watafiti wamepata wasaidizi. Sili huvalishwa kifaa kidogo, kikagandishwa kwa gundi kwenye manyoya ya kichwani. Sili anapiga mbizi mamia ya mita kutafuta chakula chake, kifaa kinapima joto na chumvi. Akipanda kuvuta pumzi, antena inatuma habari kwa setilaiti. Manyoya yakibadilika mwaka unaofuata, kifaa kinadondoka, naye anaendelea na maisha yake. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya maji ya pwani za Antaktika wakati wa kipupwe tumeletewa na sili. Hawalipwi hata senti!

Na matope ya sakafuni yamesema yao. Watafiti walitoboa sakafu ya bahari mbele ya Thwaites na jirani yake Pine Island, wakasoma matabaka. Barafuto zote mbili zinaonekana zilianza kurudi nyuma miaka ya 1940. Kulikuwa na nini? Kulikuwa na El Nino kubwa, 1939 hadi 1942. Huenda upepo ulibadilika, maji yenye joto yakapanda, barafu ikaachia mwamba iliokuwa imeushika. Kisha El Nino ikaisha. Upepo ukarudi. Barafu haikurudi! Haikurudi hadi leo. Msukumo wa miaka mitatu, na miaka 80 baadaye bado inarudi nyuma.

Ndiyo maana sijali sana kubishana kama mabadiliko ya upepo ya mwaka fulani ni ya kudumu au ni ya kupita. Ya kupita yanatosha.

Neno moja la mwisho, kwa sababu najua litaulizwa: barafu inayoelea kusini. Mwaka 2014 ilivunja rekodi kwa wingi, zaidi ya kilomita za mraba milioni 20 ilipofikia kilele. Wako waliotucheka, wakasema iko wapi hiyo dunia inayopata joto. Septemba 2023 kilele kilikuwa chini ya milioni 17, kidogo kuliko kipupwe chochote tangu setilaiti zianze kupima, na kimeipita rekodi ya awali kwa karibu milioni nzima. Watafiti wengi sasa wanaelekeza kidole kwenye joto lililokuwa limejikusanya chini ya uso wa bahari ile. Na upepo juu yake unavutwa pande mbili. Tundu la ozoni, yaani kupungua kwa gesi ya ozoni juu ya Antaktika, lililotangazwa mwaka 1985, liliusogeza upepo wa magharibi karibu zaidi na bara nyakati za kiangazi. Baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, uliozuia kemikali zinazoiharibu ozoni, ozoni inapona taratibu, na tangu karibu mwaka 2000 kule kusogea kumesimama. Ozoni inayopona inaurudisha upepo kaskazini. Gesijoto zinausukuma kusini. Kwa miaka 20 wamekuwa wakivutana karibu sawa kwa sawa. Ozoni ikishamaliza kupona, mvutaji mmoja ataachia kamba, na mwingine tunaendelea kumlisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba maswali, tuanze na wale wa nyuma.